Talaka Mbele ya Kamera

Haitham Shaame hakai. Ukimkuta amekaa, ama anakula, na hapo atatafuna huku jicho liko mlangoni, ama anaumwa homa ya kumlaza kitandani. Mimi ni shangazi yake, dada wa babake baba mmoja mama mmoja, na mama yake alipofariki nilimlea mimi katika nyumba hii hii ya Jadida, hapa Wete, tunamokaa sote mpaka leo. Chuoni, kwenye Kurani, maalimu alimchoka. Alikuwa akiisoma sura yake huku anatembea, na akikatazwa kutembea, sura inampotea. Leo ni mtu mzima, ana mvi juu ya masikio, na bado akizungumza kwenye simu huizunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Watu wanamwita prodyuza. Wete nzima, Chake, Unguja, mpaka Wapemba walioko Maskati na Mombasa wanazijua filamu zake. Mimi wananijua kwa kuwa katika filamu hizo ndiye mama mkwe. Nimewatesa wake za watu mbele ya kamera miaka mingi, hata muuza dagaa mmoja pale sokoni alikataa kuniuzia, akaniambia nikamtake radhi mkwe wangu kwanza. Nilikwenda kwa jirani yake, naye akanipimia dagaa wa juzi.

Sasa, filamu iliyompandisha Haitham ndiyo hiyo hiyo iliyotaka kumnyang'anya mke. Yamesemwa mengi mabarazani, na wengi wa wasemaji hawakuwapo. Mimi nilikuwapo, tena nilikuwa ndani ya picha. Kwa hiyo nitasema nilivyoona, na atakayechukia achukie.

Alianzia dukani kwa Mufaddal, yule Bohora muuza redio na nyaya za umeme. Kazi yake ilikuwa kufuta vumbi na kuwajaribia wateja televisheni. Aliangalia kila kanda iliyopita pale, amesimama, kitambaa mkononi, kisha akirudi nyumbani hunisimulia. Lakini hakusimulia hadithi. Alisimulia pale mpigaji picha aliposimama, na kwa nini mlango ulionekana kufunguka kabla mtu hajaonekana. Nilikuwa nikimwambia ale kwanza. Siku Mufaddal alipomwoza binti yake Maliha aliagiza kamera, na harusi ilipokwisha kamera ikarudi ndani ya boksi lake. Haitham akawa analifuta vumbi boksi lile kila asubuhi, hata siku ambazo halina vumbi. Mwishowe mzee wa watu akachoka, akamwambia ichukue ukafanye kazi, nikikuhitaji nitakuita.

Akaanza na harusi. Na harusi za kwetu mnazijua, upande wa wanawake mwanamume haingii, na kamera yake haiingii. Haitham alikuwa ndiyo kwanza amemwoa Mwanakhamis binti Kificho, msichana wa kisiwa cha Fundo, mpole, mwenye macho ya kuangalia sana na mdomo wa kusema kidogo. Akamfundisha kushika kamera. Yeye anapiga nje kwa waume, mkewe anapiga ndani kwa wake. Basi kwa miaka mingi Mwanakhamis ndiye aliyewatazama maharusi wa Wete kwa karibu kuliko mtu yeyote. Aliwahi kuniambia kwamba kwenye kioo kile kidogo cha kamera anamjua bibi harusi anayelia kwa desturi na anayelia kwa kweli. Nilimwuliza anamjuaje. Akasema, anayelia kwa kweli hajifuti.

Harusi hazikumtosha Haitham. Akataka filamu. Ya kwanza ilimfia mikononi, maana aliwaweka kijana mmoja na msichana mmoja wakae ukingoni mwa kitanda kimoja kama mke na mume, na wala si mke na mume. Hawakugusana. Lakini kabla ya jua kuzama baba wa msichana alikwishafika na bakora, na kaka zake wako nyuma. Msichana akaondoka, filamu ikaishia hapo, na msikitini watu wakawa wanampa Haitham mkono wa baridi.

Mtu mwingine angerudi kufuta vumbi. Yeye akatunga sheria yake, na sheria ile ndiyo iliyomtajirisha. Katika filamu za Haitham, mume na mke wa kwenye picha ni mume na mke wa nyumbani. Kaka na dada ni kaka na dada, au japo ni watu wasioweza kuoana. Mama wa mtu ni mamake, na asipokuwa na mama basi shangazi. Ndivyo nilivyopata kazi. Wazee waliposikia hivyo wakanyamaza, wake za watu wakaruhusiwa na waume zao kwa kuwa waume zao wamo humo humo, na watu wakazipenda filamu kwa sababu hakuna aliyejitia kuwa mtu mwingine. Mke akimnunia mume kwenye filamu ya Haitham, unajua huyu amewahi kumnunia. Hakuna aliyefikiri, si sisi wala mashehe wetu, kwamba sheria ile nzuri ilikuwa na shimo katikati.

Shimo lenyewe lilionekana tulipofika kwenye filamu ya *Kizingiti cha Mama*. Hadithi yake ni ya mwanamume anayemsikiliza mama yake mpaka anamwacha mke asiye na kosa. Mama ndiye mimi, bila shaka. Mume na mke walikuwa watu wa Chake, lakini mke akashika mimba ya kumlaza, na Haitham hakuwa mtu wa kungoja mtoto wa watu azaliwe. Akasema ataingia yeye mwenyewe na Mwanakhamis. Mwanakhamis hakutaka. Haitham alimbembeleza usiku na mchana, akamfuata jikoni, akamfuata kwenye kamba ya kuanikia nguo, mpaka mwanamke akasema haya.

Nyumba ya kupigia picha ilikuwa ya mtu aliyeko Maskati, tupu, ina kuta na mwangwi. Haitham akaanza kuitia vitu. Leo anatoa nyumbani pazia, kesho sinia, keshokutwa meza na saa ya ukutani. Kila kitu anasema atakirudisha jioni. Asubuhi ya siku ninayoieleza Mwanakhamis alifika pale na nguo zake za kuigizia mkononi, akakuta mpaka kitanda chake, kitanda alichochongewa na babake alipoolewa, kimetandikwa katika chumba cha watu. Hakupiga kelele. Alisimama mlangoni, sote tukiwapo, akamwambia mumewe, "Wanangu usiku walilala chini. Weye hukai nasi, Haitham. Weye wapita tu."

Haitham akacheka mbele za watu. Lakini mimi ndiye niliyemlea, nikaona taya lake linavyokwenda. Neno lile lilimwingia kwa sababu lilikuwa kweli, na kweli ikisemwa mbele ya watu unaowaongoza haimezeki.

Siku hiyo tulikuwa na kipande cha talaka. Mume anaingia, mama yupo pembeni, anamwambia mkewe, "Nimekuacha. Nenda kwenu." Mke anaanguka chini analia. Mimi natikisa kichwa kwa kuridhika. Kamera alishika Elikana, mtoto wa Mwalimu Telesphory wa bara, aliyezaliwa hapa hapa Wete na anayesema Kipemba kuliko wajukuu zangu. Mara ya kwanza Haitham alisema neno lake kwa sauti kubwa, na mbuzi akaingia mlangoni akatazama kamera. Tukaanza upya. Mara ya pili alisema vizuri, Mwanakhamis akaanguka vizuri, lakini Elikana akasema maiki imening'inia inaonekana. Haitham akapiga ukuta ngumi. Jua lilikuwa linaondoka dirishani, na kila mtu alikuwa amechoka na ana njaa.

Mara ya tatu hakupiga kelele. Alimsogelea mkewe, akasema polepole kama mtu anayemwambia mtu jambo lake. "Nimekuacha. Nenda kwenu." Mwanakhamis hakuanguka. Alimtazama usoni, chozi likamshuka na hakujifuta, akauweka sawa mtandio wake, akatoka mlangoni. Elikana akamfuata na kamera mpaka njiani. Mimi nilisahau kutikisa kichwa. Kisha Haitham akapiga makofi, akaruka, akasema, "Hiyo! Hiyo hiyo!"

Mwanakhamis hakugeuka. Alikwenda moja kwa moja nyumbani na nguo za kuigizia mwilini, na mumewe akasema amechoka, mwacheni.

Kutoka siku hiyo Haitham akajifungia katika chumba cha kompyuta, yeye na Elikana, wakikata na kuunga. Chakula alipelekewa mlangoni. Usingizi aliupata hapo hapo kwenye mkeka. Mimi nilidhani ni kazi. Miezi ikaenda, filamu ikakamilika, ikaonyeshwa Wete katika ukumbi uliojaa, wanawake huku na wanaume kule. Kipande cha talaka kilipofika, upande wetu pakawa kilio kitupu. Akina mama waliokwisha achwa walilia yao, na ambao hawajaachwa walilia kwa kujiandaa. Kisha ikaingia mtandaoni, na mambo yakachachamaa. Simu za Maskati, simu za Mombasa, watu wa Unguja wanaotucheka kwa namna tusemavyo sasa wanatuiga maneno yetu kwenye video zao. Kampuni moja kubwa ya Dar es Salaam ikamwita Haitham wakazungumze. Alinunua suruali mpya.

Kabla hajaondoka, walikuja vijana wenye televisheni yao ya mtandaoni kumhoji. Wakamwuliza lile swali linaloulizwa kila mwigizaji, kwamba kipande kile alikiigizaje hata kikawaliza watu kiasi kile. Na Haitham, amesimama, anapepesuka kwa furaha, akajibu, "Pale sikuigiza. Neno lile lilitoka moyoni."

Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Huko kwingine jibu hilo ni sifa. Mwigizaji wa bara akisema hivyo atapigiwa makofi na kupewa zawadi. Lakini huyu alikuwa Mwislamu wa Wete, amesimama mbele ya watu, anakiri kwamba alimwambia mke wake wa ndoa "nimekuacha" kwa moyo wake. Na kila mtoto aliyepita chuoni anajua kuwa yako mambo matatu ambayo kweli yake ni kweli na mzaha wake ni kweli: kuoa, kuacha, na kumrejea uliyemwacha. Klipu ikaruka. Jioni ile ile mabaraza ya Jadida yakawa mahakama. Huyu anasema filamu ni hadithi, na msimulizi hasimami mahali pa yule anayemsimulia. Huyu anasema, lakini mwenyewe amekiri. Wa tatu anauliza ilirudiwa mara ngapi, maana yeye amesikia ilirudiwa mara tatu, na kama ni tatu basi ndoa imekwisha mpaka mwanamke aolewe na mwingine.

Safari ya Dar ikafa. Mzee Kificho, babake Mwanakhamis, akavuka kutoka Fundo. Alikaa ukumbini kwetu, akakataa chai, akakataa hata maji. Alisema hakuja kugombana. Alichotaka kujua ni kama mwanawe ni mke wa mtu, au anakaa katika nyumba ya mwanamume asiyekuwa mumewe. Aliuliza kwa upole sana, na upole ule ulinitisha kuliko bakora.

Haitham akaingia mbioni. Alikwenda Chake, kule Madungu, kwa shehe mmoja aliyesoma nje, akaambiwa hakuna kitu, maneno ya mchezo ni kama maneno ya mwalimu anayefundisha mlango wa talaka, mwalimu hawi ameacha. Mtu wa kutulia angeridhika. Yeye akaenda na kwa mwingine, na huyo akamwambia zimekwisha zote tatu, funga mlango. Akaenda kwa wa tatu ili apate wa kuamua kati ya hao wawili. Alirudi nyumbani na majibu matatu, na hakuna hata moja lililompa usingizi. Akawa anazunguka uwani anasema peke yake. Nikamwambia, "Fatwa si pazia, mwanangu, ukachague rangi." Akanitazama kama aliyepigwa kofi. Mwanakhamis alikuwa jikoni anapika, na alisikia yote, akaendelea kukoroga.

Mwishowe Shehe Yussuf ndiye aliyeita watu. Shehe Yussuf ndiye yule maalimu aliyemchoka chuoni, sasa mzee sana, macho yameingia ukungu lakini akili iko pale pale. Tulikutana ukumbini kwetu. Haitham, Mzee Kificho, Elikana ambaye aliitwa aeleze kazi ilivyofanywa, na mimi. Mwanakhamis alikaa chumba cha ndani, nyuma ya pazia. Elikana alieleza kwa adabu, habari ya mbuzi na habari ya maiki. Shehe akamshukuru. Kisha akauweka Msahafu juu ya mto, akamgeukia Haitham.

Alimwambia kwamba yeye haoni moyoni mwa mtu, na kwamba hajui mambo ya filamu. Lakini kama Haitham ataapa kuwa mara zote tatu alikuwa akisema neno la mtu mwingine, la yule mume wa kwenye hadithi, basi hakuna talaka, na yale ya kwenye mahojiano yalikuwa majivuno ya kijinga ya mtu aliyepata sifa. Aape, amchukue mkewe, na mabaraza yatafute jambo jingine.

Nilishusha pumzi. Mlango ulikuwa wazi kabisa, tena ulifunguliwa na mtu mkubwa. Haitham akasimama. Akaenda mpaka mlangoni, akarudi. Akaenda dirishani. Shehe akasema, "Kaa, Haitham." Akakaa. Akanyoosha mkono kuelekea Msahafu, na mkono ukabaki hewani.

"Mbili za mwanzo zilikuwa maneno ya hadithi, Shehe," akasema. "N'likuwa nakumbuka tu mistari. Ya tatu siwezi kuapia. Ya tatu n'lisema yangu."

Mzee Kificho akafumba macho. Elikana akatazama miguu yake. Mimi, nasema kweli, nilimchukia mwanangu kwa dakika moja, kwa nini asiseme uongo mdogo akaokoa nyumba yake. Kisha nikaona ule mkono bado uko hewani, na chuki ikaniisha. Alikuwa ameitupa ndoa yake kwa sababu hakuweza kumdanganya Mungu, na labda kwa sababu alijua nyuma ya pazia yupo mtu ambaye hadanganyiki.

Shehe hakumgombeza. Aliuliza jambo moja tu: tangu siku ile, wamekaa kama mke na mume? Maana ndani ya eda, ule muda wa mwanamke kungoja baada ya talaka, mume anaweza kumrejea mkewe kwa neno moja, bila ndoa mpya.

Nikamwona Haitham anahesabu kwa kurudi nyuma, anazipita siku za kompyuta, mkeka, chakula cha mlangoni, ukumbi, mahojiano, na hafiki popote. "Sikumbuki," akasema. Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba alikuwa akilala chumba cha kazi.

Shehe akanituma ndani nikamwulize mwenyewe. Mwanakhamis alikuwa amekaa juu ya kile kitanda chake, kilichokuwa kimerudishwa na bado kina alama ya chaki mguuni ya kuonyesha kiwekwe wapi kwenye picha. Hakuwa analia. Nilipomwuliza, alinijibu kama mtu aliyengoja kuulizwa kwa muda mrefu.

"Eda nshaikaa, shangazi. Toka siku ile nalala na wanangu. N'lingoja anirejee kwa neno. Nikasema labda leo atatambua, labda kesho. Hata hakujua kama siko."

Nikamwuliza kwa nini hakumwambia. Akasema angemwambia, Haitham angejibu ile ni filamu tu, na yeye hakutaka kujibiwa hivyo, kwa sababu aliisikia. Aliwatazama watu kwenye kioo kile miaka yote hiyo, angekosaje kumjua mumewe.

Basi nikakumbuka kila kitu ambacho kilikuwa mbele ya macho yangu. Mwanamke aliyeacha kupaka hina. Aliyempelekea mumewe chakula akakiweka mlangoni asivuke kizingiti. Mwanamke huyu alikaa eda yake yote ndani ya nyumba ya mumewe, kama sheria inavyotaka, huku Wete nzima inaililia talaka yake ukumbini na mumewe anapigiwa makofi. Nikarudi kwa wanaume. Nilieleza kwa maneno machache. Haitham aliinamisha kichwa mpaka kikagusa magoti.

Shehe akahukumu: talaka ni moja, eda imekwisha, si mke tena. Akimtaka ni ndoa mpya, kwa mahari mapya na kwa ridhaa yake. Na Haitham, hata hapo, akainua kichwa na kusema basi tufunge sasa hivi, mashahidi si wapo. Mzee Kificho akasimama kwa mara ya kwanza. Alimwita mwanawe, akawachukua na wajukuu, wakaondoka kwenda Fundo.

Nyumba ikawa na mapazia yote na haina watu. Haitham alivuka Fundo kwenda kuposa. Akaambiwa Mwanakhamis anafikiri. Akavuka tena. Mara za mwanzo simu yake ilikuwa ikilia ukumbini kwa Mzee Kificho, na anatoka nje kuijibu, na wakimwona anazunguka uwani wanamwacha azunguke. Kampuni ya Dar ilipiga, ikapiga, ikachoka. Kuna wiki alikwenda akawekwa barazani tangu asubuhi mpaka alasiri, akapewa kahawa, akaambiwa rudi nyumbani. Aliporudi alinambia kwamba watoto wake wana mchezo wa kuhesabu kokoto ambao yeye hakuwahi kuujua. Akanionyesha unavyochezwa, amekaa chini sakafuni. Safari iliyofuata aliiacha simu kwangu, na ililia siku nzima ndani ya kabati langu nusura niitie majini.

Niliogopa. Nilijua Mwanakhamis hana haja tena ya kuharakisha, na mwanamke wa Fundo akisema hapana hasemi mara mbili. Watu walianza kumtajia Haitham wanawake wengine, kwa kuwa mtu maarufu hakosi. Aliwafukuza. Usiku nilikuwa namsikia akitembea, kutoka mlango huu mpaka mlango ule, na nikawa siwezi kulala mpaka alale.

Kisha Mzee Kificho akatuma salamu: waje na Shehe Ijumaa, baada ya sala.

Tulikwenda watu wachache. Elikana alikuja bila kamera, mikono haijui pa kukaa. Wanaume walikaa ukumbini kwa Mzee Kificho, mimi nikaingia ndani. Mwanakhamis alikuwa amevaa kanga za kawaida, si za harusi, na sikuweza kuusoma uso wake. Hata wakati ule, na Shehe yuko mkekani, sikujua atasema nini. Mahari walikuwa wamekwisha kukubaliana na babake, na si yangu kuyataja.

Mnajua desturi. Mwanamwali akiulizwa na walii wake, yaani babake, kama ameridhi, kunyamaza kwake ndiyo idhini. Mara ya kwanza Mwanakhamis alipoolewa alinyamaza, na kunyamaza kukamtosha kila mtu kwa miaka yote ile. Lakini mwanamke aliyekwisha kuolewa lazima atamke kwa mdomo wake. Mzee Kificho akaja mlangoni na mashahidi wawili, akauliza kama anaridhi kuozwa Haitham Shaame.

Ukumbini hakuna aliyekohoa.

"Nimeridhi," akasema, na nikamshika mkono.

Wakarudi ukumbini. Nilichungulia kwenye upenyo wa pazia. Mzee Kificho na Haitham walikaa goti kwa goti, wameshikana mikono, Shehe Yussuf kati yao. Mzee akasema amemwoza binti yake Mwanakhamis kwa mahari waliyokubaliana. Haitham akajibu haraka, karibu amkatize, "Nimekubali kumwoa."

Shehe akainua mikono kwa dua. Na nyuma ya pazia, kwa sauti iliyofika mpaka uwani, Mwanakhamis akasema, "Arudie."

Mikono ya Shehe ikabaki pale. Alisema kwa upole kwamba mara moja inatosha, ndoa imekwisha fungika.

"Najua, Shehe," akasema Mwanakhamis. "Lakini kuniacha alirudia mara tatu, mpaka likatoka la kweli. Na kunioa arudie."

Nilidhani wanaume watachukia. Mzee Kificho alikuwa bado hajauachia mkono wa Haitham. Akauminya, akalitamka tena neno lake. Haitham akajibu mara ya pili, kwa sauti kubwa, ya kupendeza, sauti ya mtu anayejua anasikilizwa. Mwanakhamis alitikisa kichwa tu, kunionyesha mimi, na mimi nikawaambia wanaume bado.

Mzee akasema kwa mara ya tatu. Haitham hakuharakisha. Alikaa. Simjui kukaa namna ile, mabega yameshuka, hakuna kiungo kinachocheza. Alitazama pazia, na chozi likamshuka mpaka kidevuni, na hakujifuta. Kisha akasema polepole, kama mtu anayemwambia mtu jambo lake, kwamba amekubali kumwoa Mwanakhamis.

Mwanakhamis alifumba macho. "Hilo," akaniambia, kwa sauti ya kunitosha mimi peke yangu. "Hilo hilo."

Nikatoka kuwaambia wanaume wasome dua.